Kiongozi Kimepitwa na Wakati

Si hapo zamani za kale, wala si mbali. Ni juzi tu, na nchi yenyewe iko jirani, ingawa ukimwuliza jirani atakwambia ni kwa jirani yake. Iliitwa Jamhuri ya Shwari. Katika Shwari hapakuwa na njaa, ila upungufu wa shibe. Hapakuwa na mafuriko, ila maji kuzidisha ukarimu. Na mvua ilipochelewa mwaka mzima, redio ilitangaza kwa furaha kwamba jua limeongezewa muhula.

Humo aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani Mbonde, mhandisi wa programu katika Ofisi ya Mitambo ya Serikali, ghorofa ya tatu, chumba ambacho kiyoyozi chake kilidondokea ndani ya ndoo. Alikuwa mjane asiye na mtoto. Wa damu yake aliyebaki duniani ni mdogo wake, Mwanamvua, mkunga katika hospitali ya wilaya ya Mchangani. Mama yao alipofariki, Sikudhani alikuwa na miaka kumi na sita na Mwanamvua minne. Alimsuka, alimpeleka shule, alimfundisha kuhesabu kwa kokwa za ukwaju. Watu walipomwuliza kama ana mtoto, hujibu hana, kisha hujisikia amesema uongo.

Kazi ya Sikudhani ilikuwa kuutunza mfumo uitwao Mkono Mmoja. Kila jambo la Serikali lilipita humo: cheti cha kuzaliwa, hati ya kiwanja, kibali cha kuchimba kisima, hukumu ya mahakama, hata kufuli la chumba cha dawa. Na kabla jambo lolote halijafanyika, mfumo ulikiuliza kipande kimoja cha msimbo kilichoitwa KiongoziAridhia. Kikijibu ndiyo, jambo huendelea.

Wananchi waliamini kwamba mahali fulani katika kasri lake Kiongozi huyasoma maombi yao moja moja. Sikudhani alikifungua kipande hicho wiki ya kwanza aliyoajiriwa, miaka kumi na tisa iliyopita, akakuta maagizo mawili tu. La kwanza: ngoja sekunde saba. La pili: jibu ndiyo. Sekunde saba ziliwekwa na waziri wa wakati ule, isije ikadhaniwa kwamba Kiongozi huridhia bila kufikiri.

Basi mwaka huo taifa rafiki likaizawadia Shwari mashine mpya. Za zamani zilikwisha kuahidiwa mapema kwa shamba la mheshimiwa mmoja, ambako makabati yake yangefaa sana kwa kuku wa mayai. Pamoja na mashine mpya ilikuja programu ya ukaguzi. Hiyo huusoma msimbo bila kuuendesha, kama mwalimu asahihishaye insha, na pale inapoona kitu kitakachovunjika kesho, huandika onyo leo.

Siku ya Jumanne Sikudhani aliiwasha, akaenda kunywa chai. Aliporudi, printa ilikuwa imemaliza karatasi. Maonyo elfu nne mia tatu na kumi na mawili, na yote yalisema neno lile lile:

ONYO: KiongoziAridhia kimepitwa na wakati. Kitaondolewa hivi karibuni. Tafuta mbadala.

Sikudhani hakushtuka. Kwake jambo lilikuwa wazi. Zile sekunde saba zilihesabiwa kwa saa ya mashine za zamani, na katika mashine mpya saa hiyo haimo. Siku mashine mpya zitakapoanza kazi, KiongoziAridhia hakitajibu ndiyo wala hapana. Kitanyamaza, na kila aliyeomba jambo atangoja. Dawa yake ni kuandika kipande kipya na kukiweka mahali pa kile cha zamani, pote elfu nne na ushei. Wahandisi watatu, wiki sita. Akaandika barua ya ukurasa mmoja, akaambatanisha onyo la kwanza kama mfano, akaipeleka kwa mkurugenzi wake, Bwana Thadei Lukindo.

Bwana Lukindo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa, na kwa hofu hiyo alikwisha kupanda vyeo vinne. Aliisoma barua akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena, akainuka kufunga mlango.

"Bi Sikudhani, nani ameandika maneno haya?"

"Mashine, mkurugenzi."

"Mashine imesema Kiongozi... imesema... hivi ilivyosema?"

"Imesema juu ya msimbo. Ni jina tu la kipande cha msimbo."

"Na hapa, *kitaondolewa hivi karibuni*. Nani atakayemwondoa?"

"Hakuna anayemwondoa mtu. Ni saa tu, haimo katika—"

"Usiniambie!" Bwana Lukindo aliziba masikio. "Nikishajua, nitaulizwa lini nilijua."

Siku ya tatu ikaitwa Kamati ya Kudumu ya Utulivu wa Mitambo, chini ya Waziri wa Utulivu mwenyewe, Mheshimiwa Gervas Ndimila, ambaye kwa unene wa shingo na wembamba wa sauti alifanana na ngoma inayopigwa kwa njiti. Onyo lilisomwa faraghani. Wajumbe walilisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa, kila mmoja akichunga uso wake usije ukaonyesha kwamba umeelewa.

Aliitwa Profesa Bakathiri, bingwa wa sarufi, aeleze mashine ilikusudia nini.

"Waheshimiwa," alianza Profesa, akisafisha miwani, "neno *kiongozi* kwa umbo ni la ngeli ya KI-VI, sawa na kiti, kisu na kijiko. Lakini kwa kuwa kiongozi ana uhai, upatanisho wake ni wa A-WA. Twasema kiongozi *amefika*. Hatusemi kiongozi *kimefika*."

"Na mashine imesemaje?" aliuliza Waziri.

"*Kimepitwa*, mheshimiwa."

"Maana yake?"

Profesa alitazama dirisha, halafu mlango, akapima upi uko karibu. "Maana yake ni mojawapo ya mawili. Ama mashine haimzungumzii Kiongozi hata kidogo, bali kipande cha msimbo, kama anavyosema huyu mama. Ama inamzungumzia, na imemhesabu miongoni mwa vitu visivyo na uhai."

Mpika chai, aliyekuwa mlangoni, aligeuka akaondoka na sinia lake.

"Waheshimiwa," Sikudhani alisema, akiinuka bila kupewa ruhusa, "ni hilo la kwanza. Nawaomba wiki sita. Mashine mpya zikiwashwa kabla hatujabadilisha, hospitali zitafungika. Chumba cha damu hakitafunguka. Mdogo wangu ni mkunga, najua ninachokisema."

"Mama," alisema Waziri kwa upole, "unatuonya?"

"Naeleza, mheshimiwa."

"Maana nchi hii ina miaka thelathini haijaonywa na mtu. Na mashine zitawashwa Siku ya Utulivu, yaani Ijumaa ijayo. Kiongozi mwenyewe atabonyeza. Ile programu yenu ina njia ya kuambiwa inyamaze?"

Sikudhani alikuwa na ugonjwa wa kujibu kweli anapoulizwa swali la kazi.

"Ipo," alisema.

Agizo lilikuja kwa maandishi. Mhandisi Sikudhani Mbonde ayatatue maonyo yote kabla ya jioni. Kutatua, lilifafanua agizo, ni kuhakikisha hayaonekani. Bwana Lukindo alilileta mwenyewe, akasimama nyuma ya kiti chake.

"Nisipofanya?"

"Atafanya mwingine, asiyejua hata kilichomo. Wewe angalau ukibaki hapa utatengeneza polepole, kimyakimya. Fikiria hivyo, dada yangu. Mimi hufikiria hivyo kila siku."

Hilo ndilo lililomshinda Sikudhani. Vitisho angevistahimili. Hii busara ndogo ya kubaki ndani ili kusaidia ilimwingia kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Alifungua faili la mipangilio, akaandika mstari mmoja: *onya: hapana*. Akaiwasha programu tena. Safari hii printa ilitoa karatasi moja. Maonyo: sifuri. Akaisaini.

Siku ya Utulivu akavishwa nishani uwanjani, mbele ya bendi. Waziri alihutubia, akasema kwamba mataifa makubwa yana maonyo kwa mamilioni, ilhali Shwari, kwa uongozi wa hekima, haina hata moja. Kiongozi akabonyeza kitufe. Watu wakapiga makofi. Mwanamvua alikuwa amekuja na sare yake ya kazi, akamkumbatia dada yake, akaitazama nishani, akamtazama na uso.

"Mbona hufurahi?"

"Kiatu kinanibana," alisema Sikudhani.

Alikuwa amejipangia kuanza kubadilisha Jumatatu. Jumamosi, saa sita mchana, hospitali ya Mchangani ilikuwa na wazazi wawili wanaotokwa damu kwa pamoja. Mmoja aliitwa Mwajabu, muuza vitumbua wa nyuma ya hospitali hiyo hiyo, na mwingine Kijakazi, mke wa fundi saa. Mwanamvua alikimbilia chumba cha damu, akaandika namba yake, akabonyeza. Skrini ikaandika: *Tafadhali subiri. Kiongozi anafakari.*

Alihesabu sekunde saba. Alihesabu sabini. Akampigia dada yake.

"Dada, mlango wa damu umegoma. Kuna siri yoyote ya kuufungua?"

Sikudhani alikuwa sokoni, ameshika fungu la mchicha.

"Hakuna," alisema. "Mvua, sikiliza. Hautafunguka. Usingoje. Vunja."

Hospitalini hapo mafundi walikuwa wakijenga msingi wa bango la Siku ya Utulivu. Mwanamvua aliwanyang'anya mtaimbo, akapiga kufuli mara nane, tisa, kumi, mlango ukaachia. Kijakazi alipata damu, akaishi, na mwanawe. Mwajabu hakungoja. Alifariki wakati wa pigo la sita au la saba, kwa maelezo ya muuguzi aliyekuwa amemshika mkono na kusikia vishindo.

Jumatatu polisi walimchukua Mwanamvua. Makosa yalikuwa mawili: kuvunja mlango wa Serikali, na kuridhia bila kuridhiwa.

Upande wa mashtaka ulimwita Sikudhani kuwa shahidi wao, aithibitishie mahakama kwamba mfumo haukuwa na kasoro. Bwana Lukindo alimpitia nyumbani asubuhi ya kesi kwa gari la ofisi.

"Utaulizwa maonyo mangapi. Sema sifuri. Ni kweli, imeandikwa. Mengine usiongeze. Watampa onyo tu, aende nyumbani."

"Onyo?" aliuliza Sikudhani. "Katika nchi hii?"

Bwana Lukindo aliwasha redio, wakaisikiliza hadi mahakamani.

Mwendesha mashtaka aliinua ile karatasi. "Hii ni saini yako, mama?"

"Ni yangu."

"Soma idadi ya maonyo."

"Sifuri."

"Kwa hiyo mfumo ulikuwa salama."

Mwanamvua alikuwa kizimbani, kichwa wazi, kwa kuwa kitambaa chake walikichukua. Sikudhani alimtazama, akaona alivyokonda kwa wiki mbili tu.

"Haukuwa salama," alisema. "Maonyo yalikuwa elfu nne mia tatu na kumi na mawili. Niliyanyamazisha mimi, kwa mkono wangu, kwa agizo la maandishi. Mwajabu nimemuua mimi na walionituma. Huyu mliyemsimamisha hapo ndiye peke yake aliyefanya kazi yake siku ile."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mstaarabu, mwenye kikohozi.

"Shahidi ametaja maonyo mengi," alisema. "Mahakama imeipitia ripoti rasmi, aliyoisaini shahidi mwenyewe, na haikuyaona. Mahakama haiwezi kupokea maonyo ambayo hayapo. Mshtakiwa, miaka saba."

Karani akaiingiza hukumu katika Mkono Mmoja, akabonyeza. *Tafadhali subiri. Kiongozi anafakari.* Mahakama nzima ikangoja. Ilipofika saa nane, hakimu akakohoa, akaeleza kwamba kwa mujibu wa sheria kifungo huanza siku hukumu inapoingia katika mfumo. Mpaka hapo, mshtakiwa atakaa mahabusu.

"Na siku hizo zitahesabiwa?" aliuliza Mwanamvua.

"Zitahesabiwa zitakapoanza," alisema hakimu.

Sikudhani alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo, nishani ikarudishwa ghalani. Miezi minne ikapita. Wakubwa walipitisha mambo yao kwa simu, na wadogo walingoja. Watoto walizaliwa bila cheti, wafu wakazikwa bila kibali, na gazeti la Serikali likaandika tahariri kuusifu ukimya wa Kiongozi, likisema kwamba zamani alifikiri sekunde saba, sasa anafikiri kwa kina. Milango ya damu haikuvunjwa tena. Kila mkunga alijua ya Mwanamvua. Waliokufa mbele ya milango hiyo walikuwa wengi, na waliandikwa kama watu waliokosa subira.

Kila Alhamisi Sikudhani alipeleka chakula mahabusu, akaketi na mdogo wake nusu saa, wavu katikati.

Kisha Kiongozi akasafiri, akarudi. Msafara ulipofika kasri, lango lilikuwa limefungwa.

"Fungueni!"

"Mheshimiwa," alisema mlinzi, "mfumo unangoja uridhie."

"Naridhia!"

Mlinzi alichungulia skrini. "Unasema bado unafakari, mheshimiwa."

Kuna aliyeshauri lango livunjwe. Mwanasheria Mkuu, aliyekuwa gari la tatu, alishuka akanong'ona kwamba ipo hukumu ya karibuni kabisa, miaka saba, na haikutofautisha milango. Kiongozi akaketi juani kwa muda wa saa mbili na nusu, akipepewa kwa hotuba yake mwenyewe.

Saa kumi jioni gari la polisi lilikuwa kwa Sikudhani. Bwana Lukindo alikuwamo, shati limemganda mgongoni.

"Wiki sita umepewa," alisema. "Wahandisi watatu pia."

"Na mdogo wangu?"

"Hilo si la kiufundi, Bi Sikudhani."

Alifikiria kukataa. Wangetafuta mwingine, na huyo mwingine angetengeneza lango la kasri na kuondoka. Akavaa viatu.

Kamati ilimpa orodha ya vipaumbele: kwanza lango, pili klabu ya maofisa, tatu maegesho ya mawaziri. Hospitali zilikuwa ukurasa wa sitini na mahakama ukurasa wa mwisho. Lango alilitengeneza akiwa amesimamiwa na askari wawili. Klabu ya maofisa akawaambia ni ngumu mno, ina mambo ya ndani, na siku tatu alizodai anaishughulikia akafungua vyumba vya damu vya nchi nzima, wilaya baada ya wilaya, akianza na Mchangani.

Kipande kipya kiliitwa, kwa azimio la Kamati, KiongoziAridhiaDaima. Sikudhani aliomba kile kipengele cha kungoja kifutwe.

"Unataka watu waseme Kiongozi hafikirii?" aliuliza Waziri. Wakajadiliana siku nzima, mwisho zikaruhusiwa sekunde tano, kama ishara ya maendeleo ya teknolojia.

Wiki ya sita programu ya ukaguzi, ambayo sasa iliruhusiwa kusema, ilikuwa na onyo moja tu.

"Limebaki moja," alisema Bwana Lukindo.

"Hilo ni gumu," alisema Sikudhani.

Lilikuwa la daftari la hukumu. Alikwisha kulifungua mara nyingi na kulifunga. Nyuma ya mstari ule zilipangwa hukumu mia sita, na ya Mwanamvua ilikuwa ya kumi na moja. Akiubadilisha, zote zitapita kwa pamoja. Asipoubadilisha, mdogo wake si mfungwa. Ni mtu anayengoja tu, na anayengoja huenda siku moja akaachiwa mlango wazi kwa kusahauliwa. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Alhamisi, Mwanamvua hakugusa chakula.

"Umefikia mahakama?"

"Bado."

"Dada, wenzangu humu wana ndugu. Tunasikia. Kila kitu kimefunguka isipokuwa sisi." Aliingiza vidole katika wavu. "Unanificha?"

"Miaka saba, Mvua. Kwa mkono wangu. Tayari nimeandika mstari mmoja maishani ambao..."

"Leo nina siku mia moja na themanini na mbili humu, na hakuna hata moja iliyoandikwa popote. Mama mmoja ana miezi mitano, anangoja hukumu ya miezi mitatu ianze. Miaka saba ina mwisho. Hii niliyo nayo haina hata mwanzo. Andika."

"Nikakukatie rufaa kwanza—"

"Rufaa ya hukumu ambayo haimo? Andika, dada. Nakuomba. Hukuwahi kuninyima kitu."

Sikudhani alirudi ofisini kwa miguu. Aliketi, akafungua faili, akafuta neno la zamani, akaandika jipya, akabonyeza. Sekunde tano alizihesabu kwa sauti, hadi Bwana Lukindo akachungulia mlangoni. Printa ikaanza kutoa hukumu. Aliichukua ya kumi na moja ikiwa bado ya moto, akaikunja, akaitia kifuani.

Asubuhi ya pili lori la magereza lilikuja. Wafungwa walipangwa wawili wawili uani, na askari wa zamu, ambaye alikuwa na mke mjamzito Mchangani, alijifanya anafunga kamba ya kiatu ili dada wawili washikane mikono. Mwanamvua alikuwa amevaa kanzu nyeupe ya gereza, ndefu kupita kimo chake. Hakulia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika dirishani baada ya foleni ndefu.

"Leo tarehe ngapi?" aliuliza.

"Kumi na nne."

"Kumi na nne," alisema Mwanamvua, akapanda lori, midomo yake ikiwa imekwisha kuanza kuhesabu.